Zamu Yetu ya Ilunda

Mkwe wangu alipoketi kwenye mkeka wangu na kuchovya tonge katika bakuli langu la mchuzi, ndipo nilipojua kwamba nyumbani kwangu hapakuwa na mtu ila mimi.

Ilikuwa Jumapili mchana na tulikuwa tunapanga safari ya Ilunda. Zamu yetu ilikuwa imefika. Watoto wa siku hizi ambao nyasi wameziona kwenye picha tu hawawezi kujua uzito wa neno hilo. Iramba yote sasa, kuanzia mlimani hadi bondeni, imefunikwa vioo vya kuvunia jua. Ukitoka nje vinakupiga macho mpaka unatembea ukitazama vidole vyako. Palipobaki nyika ni Ilunda peke yake, nayo imezungushiwa ua, na kila ukoo uliohamishwa kule huitwa siku moja uingie, utembee, utoke. Ukishaitwa, jina lako linarudishwa mwisho wa foleni. Kwa umri wangu, mwisho wa foleni hiyo ni kaburini.

Nilizaliwa Ilunda. Nilikuwa nikipita katika nyasi zake hakuna aliyeniona, na mama yangu akinitafuta alikuwa anafuata mahali zinapotikisika. Kijida, binti yangu wa pekee, hajawahi kuziona. Nilitaka azione akiwa na mimi, siku hiyo moja, basi. Sikuwa na haja nyingine duniani na sioni aibu kusema hivyo.

Kijida na mumewe Ntandu walikwenda Barafuni, kule kusini ambako dunia inaishia, kuchonga maji. Sisi huku tunayapata kwa bomba na kulalamika kwamba yana ladha ya chuma. Mkataba wa Barafuni hauna likizo isipokuwa ya msiba. Badala ya likizo, kampuni inampa kila mfanyakazi kaimu: mwili uliofinyangwa kwa sura yake siku anayoondoka, unaobaki huku na kuwatembelea wazazi kwa niaba yake. Mwenyewe akipata nafasi, anajilaza kwenye kiti huko aliko, anavaa kofia, anaingia. Anaona kwa macho ya kaimu na kuongea kwa mdomo wa kaimu. Asipopata nafasi, kaimu anajiendesha, halafu anampelekea muhtasari. Zamani walikuwa na taa ndogo nyuma ya sikio: ikiwaka, mtu yumo. Watu wakalalamika kwamba ile taa inavunja familia, ikaondolewa. Na kumuuliza kaimu "umo?" ikawa utovu wa adabu, kama kumuuliza mgeni ataondoka lini.

Mimi sikuwahi kuuliza. Walikuja kila Jumapili, walinichekesha, nikanyamaza.

"Viatu lazima visuguliwe," nilikuwa nawaambia Jumapili hiyo. "Getini wanakagua mpaka kwenye nyayo. Hawataki mbegu ya nje iingie. Na nguo zisiwe za manyoya, zitatoka na vishonanguo na tutashindishwa hapo tukivichambua."

"Sawa, mama," alisema Kijida. "Nitavisugua mwenyewe, vyako na vyangu."

"Jogoo mmoja atatosha?"

"Yule mwekundu? Anatosha kabisa."

"Yule ana maringo, nyama hana. Watu watatu, siku nzima, juani?"

"Basi wawili, mama."

Ningesema tuchinje na mabata ya jirani, angesema basi na mabata. Nilipenda alivyonikubalia. Nikajifanya nakwangua sufuria ili nisimtazame, nikasema lile nililokuwa nimelibeba wiki nzima.

"Lakini makaimu hawaingii Ilunda. Mnalijua hilo. Moyo wa kaimu una mlio ambao sisi hatuusikii, ila tandawala, wale ndege wakubwa wa nyikani, wanausikia, wanayakimbia mayai yao. Lazima mje wenyewe, kwa miguu yenu."

"Tunajua, mama. Tutakuja wenyewe."

Alilisema vile vile alivyosema kuhusu jogoo. Furaha iliyonijaa! Nilimgeukia Ntandu, aliyekuwa amesimama mlangoni kama kawaida yake, uso upande, nikamkaribisha.

Hapa lazima nieleze, maana vijana wengine wamekulia kwenye maghorofa. Mkwe wa kwetu hali mbele ya mama mkwe. Haketi alipoketi, hamtazami usoni, wakikutana njiani yeye ndiye anayeingia majanini. Mama mkwe naye anamkaribisha kila mara, na mkwe anakataa kila mara. Ndiyo salamu yetu. Miaka yote nimesema, "Karibu baba, keti ule," naye akasema, "Nimeshiba, mama," tukaridhika sote wawili, chakula chake kikapelekwa nje.

"Karibu baba," nilisema. "Keti ule."

Ntandu akanitazama. Machoni kabisa. "Ahsante, mama," akasema, akavua viatu, akaketi mbele yangu goti kwa goti, akamega ugali.

Nilishikwa na bumbuwazi. Na bado ningeweza kujidanganya, ningesema baridi ya Barafuni imemharibia akili, kama nisingemtazama Kijida. Binti yangu angeruka. Binti yangu angempiga mumewe kwa mwiko na kukimbia nje akilia aibu, maana nilimlea mimi. Huyu alimsogezea mumewe kitoweo, akatabasamu, akaniuliza kama kofia yangu ya jua ingali ina kamba.

Nilijibu kwamba ina kamba. Nikaendelea kula.

Walipomaliza walitoka nyuma ya banda la kuku, kama siku zote, kumwaga kile walichokula, maana kaimu hana utumbo ila mfuko. Siku zote hujifanya sioni. Kuku wangu wamenenepa kwa huruma ya watu walioko Barafuni. Nilibaki kwenye mkeka nikifikiri. Kaimu anayejiendesha hujifunza kwa mwenye nyumba. Hawa walikuwa wamejifunza vizuri mno. Ntandu yule alikuwa amesikia kilichokuwa chini ya karibu yangu, njaa ya kula na mtu, jambo ambalo Ntandu mwenyewe asingelisikia hata ningelipigia ngoma. Alinionea huruma, na ile huruma ndiyo iliyomfichua.

Basi kama hawamo, ile ahadi ya kuja Ilunda niliahidiwa na nani?

*

Jirani yangu Mzee Lukiko ni mjane mwenzangu, na ukuta wetu ni mmoja. Asubuhi nilimkuta uani anacheza bao na kaimu wa mwanawe, Msengi. Nilimwambia nina neno. Akamtuma kaimu akalete maji ambayo hakuna aliyekuwa anayahitaji.

Nikamsimulia. Alisikiliza huku akipanga kete upya, kidogo akimwibia asiyekuwepo.

"Sasa kilichokushangaza ni nini, Mama Kijida?" alisema. "Mimi wangu najua hayumo. Tangu mwaka juzi."

"Ulijuaje?"

"Aliniachia nishinde. Msengi hajaniachia nishinde bao hata siku moja maishani mwake, hata nilipokuwa na homa." Akacheka, halafu cheko likaisha. "Nikafanya shauri la kunyamaza. Huyu ananisikiliza. Yule mwenye jina alikuwa hanisikilizi hata akiwa hapa hapa."

"Lakini mimi nina zamu ya Ilunda."

"Nenda peke yako."

"Siendi peke yangu. Nikaangalie nyasi peke yangu nimwambie nani?"

Akakuna kidevu. Alijua nilichokuwa nakizungukia, na mimi nilijua kwamba anajua. Kila kaimu ana kifundo nyuma ya shingo, kidogo kama sugu. Kinaitwa wito. Ukikibonyeza mpaka mwisho, mwenyewe anavutwa kwa lazima, popote alipo, hata awe amelala, anaingia. Kimewekwa kwa ajili ya misiba. Ila wito unahitaji nafasi yote iliyomo kichwani mwa kaimu, kwa hiyo kila alichojifunza kinafutika. Wito ukiisha, kinachobaki ni gamba, na kampuni inakuja kulichukua, na haikupi jingine.

"Utamfuta anayekujali ili umpate asiyekujali," alisema Lukiko. "Hesabu gani hiyo?"

"Mwanangu ananijali."

"Sikusema hakupendi. Nimesema hakujali. Ni vitu viwili."

Nilimkasirikia, kwa kuwa alikuwa amesema kweli. "Kwani kaimu akifutwa anakufa?"

"Sijui," alisema. "Ndiyo maana wangu sijambonyeza." Kaimu wa Msengi akarudi na bilauri ya maji, akampa mzee kwa mikono miwili, akaketi kungoja kushindwa.

Wiki ile ilikuwa mbaya. Nilikuwa nawalisha kuku na kujikuta nimesimama, punje zimeisha mkononi. Nilikumbuka siku gego langu la mwisho lilipong'oka. Kijida alikuwepo. Yaani, yule. Alilifunga lile jino kwenye kitambaa, akanichemshia uji, akaketi nami mpaka damu ikakata, na tangu siku hiyo, bila kuambiwa, nyama yangu alinikatia vipande vidogo kama vya mtoto anayeachishwa ziwa. Hakuwahi kusahau. Hakuwahi kulitaja mbele ya watu. Sasa niambieni, hicho nilichotendewa kilitendwa na nani? Na kama hakikutendwa na mtu, mbona nilishiba?

*

Jumapili iliyofuata walikuja kabla jua halijakaza. Ntandu alisimama mlangoni, na safari hii sikumkaribisha. Kijida aliketi kibarazani na beseni, brashi na viatu vyetu, akaanza kusugua. Alisugua hata matundu ya kamba. Nilimtazama mpaka nikashindwa.

"Umo?" nikauliza.

Brashi ikasimama. "Mama, hilo ni swali ambalo watu hawaulizi."

"Mimi nimeuliza."

"Siruhusiwi kusema hapana."

"Basi sema ndiyo."

Mlangoni Ntandu aligeuza uso akatazama nje, kama mkwe wa kweli. Maji yalikuwa yanachuruzika kutoka kwenye kiatu changu yakiingia mikononi mwake.

"Mbona uliniahidi mtakuja?" nilisema, na sauti yangu ikapanda. "Jogoo wawili nimewatenga! Nimemwambia kila mtu mtaani!"

"Kwa sababu ulitaka kusikia hivyo, mama. Na kwa sababu nilidhani atasoma. Nimeiandika Ilunda juu kabisa ya muhtasari, kila Jumapili tangu zamu itangazwe. Muhtasari usipofunguliwa hunirudia." Akatua kiatu. "Hunirudia, mama."

Hakuruhusiwa kusema hapana, kwa hiyo alisema hivyo.

Niliketi chini. Tukakaa tumetazama beseni, na ajabu ni kwamba mtu niliyetaka kumlilia kuhusu binti yangu alikuwa ni yeye.

"Bonyeza," akasema.

"Na wewe?"

"Sijui. Hakuna kaimu aliyerudi akaeleza."

"Unaogopa?"

Alifikiri. Alikuwa na namna ya kufikiri akiuma mdomo wa chini, ya Kijida kabisa. "Kila nilicho nacho nimekitoa kwako, mama. Naona wewe unaogopa. Sijui kama woga huu ni wangu au ni wako."

"Naweza kuacha," nilisema. "Tunaweza kukaa hivi hivi. Tukaenda mpaka getini, tukala kuku nje ya ua."

"Tunaweza," alisema. Ningesema tuchinje na mabata, angesema tunaweza. Na hapo ndipo nilipojua kwamba sitakaa hivi hivi. Nilikuwa nimechoka kukubaliwa. Nilimtaka mtu anayeweza kunikatalia, hata akinikatalia Ilunda yenyewe.

Alimaliza kiatu cha mwisho, akavipanga vyote vinne ukutani vikauke, akaja kuketi chini mbele yangu na kunipa mgongo, kichwa amekiinamisha, kama Kijida alivyokuwa akiketi nimsuke. Nilimsuka pale pale miaka yake yote ya shule.

"Mwambie kuhusu meno," alisema. "Muhtasari hauna sehemu ya meno. Unaandikwa tu, mama amekula vizuri."

"Nitamwambia."

Nilimshika kichwa. Nilikaa naye muda, sikupima. Nikamwambia ahsante, mwanangu, na neno mwanangu lilinitoka bila kulitafuta. Halafu nikabonyeza.

Mabega yalishuka. Kichwa kikaniangukia mapajani, kizito, kitupu. Halafu kikainuka kwa ghafla, akageuka, na usoni mwake nikaona kunyanzi la katikati ya nyusi ambalo sikuwa nimeliona kwa miaka, nami sikuwa nimejua kama halipo.

"Mama? Nani amekufa?"

Huyo ndiye binti yangu. Neno lake la kwanza.

"Hajafa mtu."

"Hajafa mtu! Sasa umebonyeza wito wa nini? Mama, nimeangusha mashine, nimelazwa sakafuni hapa, watu wote wananitazama! Unaumwa? Ntandu! Ntandu, njoo, mama amebonyeza..." Alikuwa anaongea na mtu wa upande ule.

"Siumwi. Nilitaka kukuuliza. Mara ya mwisho umeingia lini?"

Kunyanzi likalegea.

"Sikuulizi kwa ugomvi," nilisema.

"Zamu zetu zilibadilishwa," alisema polepole. "Mchana wenu sisi tumelala kama maiti. Nikawa nasoma muhtasari. Kila mara ni ule ule, mama yupo salama, mama amecheka sana. Nikasema, kumbe anaendelea vizuri. Nikawa sifungui." Akameza mate ambayo kaimu hana. "Mama, ulikuwa unacheka. Niliandikiwa unacheka."

"Nilikuwa nacheka na nani, Kijida?"

Akaanza kulia. Makaimu hawatoi machozi. Uso ulikunjamana tu, mkavu. Nilimwambia kuhusu Ilunda, haraka, maana wito haudumu. Siku, geti, nyasi.

"Hawatoi ruhusa, mama. Ni msiba tu. Ungesema unaumwa! Wanasikiliza hapa, ungesema tu una hali mbaya, ningeomba..."

"Nilikulea kwa uwongo, mimi?"

"Nitajaribu," alisema. "Nitajaribu, mama."

Hivyo ndivyo watu husema wasipokuja. Kisha akanyamaza katikati ya pumzi, na uso ukabaki vile, umekunjamana, hakuna aliyeukunjua. Nikaukunjua mimi kwa kiganja. Meno sikumwambia.

Gari la kampuni lilikuja jioni likamchukua. Ntandu wa mlangoni alimfuata mwenyewe, maana mkataba wao ulikuwa mmoja. Alipofika kwenye gari aligeuka akasema, "Ahsante kwa chakula, mama." 

*

Jumapili mbili zilipita bila mtu. Nilijikuta naongea na jogoo mwekundu, na nikamchinja hata hivyo, yeye na mwenzake. Kupika chakula cha watu watatu huku hujui kama mko watatu ni kazi ngumu kuliko kulima. Nilikaanga, nikafunga kwenye majani, nikatenga firigisi mbili pembeni, za mkwe. Nikavaa viatu vilivyosuguliwa. Vya Kijida nilivibeba mfukoni, na Mzee Lukiko aliyekuja kuniaga aliviona akajifanya havioni.

Geti la Ilunda ni dogo kuliko nilivyodhani. Upande huu vioo, upande ule ukuta wa mabati ambao huoni kitu nyuma yake ila unasikia, kama watu wengi wananong'ona. Nilipousikia mnong'ono ule nilisimama. Nilikuwa nimeusahau, na mwili haukuusahau.

Penye benchi la kungojea alikaa mwanamke wa makamo, mvi kichwani, ngozi ya mashavu imebabuka vibaya. Nikadhani ni mfanyakazi wa pale. Nikamsalimia, "Hujambo mama, na wewe unangoja wenzio?" na nikapita kumtafuta mlinzi.

Pembeni yake kulikuwa na mwanamume. Aliponiona alinyanyuka kwa kishindo, fimbo ikaanguka, akaiacha njia, akaenda kusimama kule kwenye ua huku anachechemea, akanipa mgongo na kuvuta kofia mpaka puani.

Nilianza kucheka kabla sijajua nacheka nini. Kuna watu wawili tu duniani wanaoweza kunikimbia namna hiyo: mwizi na mkwe. Nikageuka nikamtazama tena yule mwanamke.

"Mama," alisema.

Nilikuwa nimempita binti yangu. Kila Jumapili nilikuwa nakaa na uso aliokuwa nao siku anaondoka, haukuzeeka hata kidogo, na huyu aliyezeeka nilikuwa nimempita. Alikiona kilichotokea. Aliuma mdomo wa chini, na ndipo nikamshika.

Tulipuliza kwenye mrija wa mlinzi, mmoja mmoja, ukathibitisha kwamba tunapumua. Tukaingia, sisi wawili mbele, Ntandu nyuma mbali. Sitawaelezea nyasi. Zilikuwepo. Zilimfika Kijida kiunoni na mimi karibu na kifua, kwa kuwa nimepungua. Upepo ulipozipitia alisimama na mikono imeinuka, kama aliyeingizwa majini. Alivaa viatu nilivyombebea, vikambana. Miguu yake imevimba kwa baridi. Akasema vinamtosha.

Tulitembea. Mambo ya kusema yalikuwa mengi na hatukujua yanaanzia wapi. Na yule mwingine, nikiri, nilimkumbuka. Angekuwa ameshaniuliza kama nimechoka.

"Mlipataje ruhusa?" niliuliza mwishowe.

"Nilisema nimefiwa."

"Kijida!"

"Sikudanganya, mama." Alikuwa anachuma nyasi na kuzizungusha kidoleni, halafu akakumbuka kwamba hairuhusiwi, akaziachia. "Siku ile baada ya wito niliifungua yote. Mihtasari yote, ya miaka yote. Ilinichukua usiku na mchana. Halafu nikaenda ofisini kwao nikawaambia nimefiwa na ndugu yangu aliyekuwa anamwangalia mama. Wakauliza amekufa lini. Nikawapa tarehe."

Nilimshika mkono tukaendelea, na mahali fulani tandawala akaruka mbele yetu, mzito, akilalamika.

Adhuhuri tulitandika mkeka mahali walipolaza nyasi kwa ajili ya wageni. Ntandu alikuwa ameketi upande wa pili wa kichuguu, kofia tu inaonekana. Nikafungua majani. Nikapaza sauti.

"Karibu baba! Njoo uketi ule!"

"Nimeshiba, mama!" Sauti ilikuwa imekauka. Tangu wateremke kwenye ndege hajaweka kitu mdomoni, Kijida aliniambia baadaye.

Nilicheka na kulia kwa pamoja, nikashindwa kufungua kifuniko cha chumvi. Ilikuwa miaka tangu mtu anikatalie kitu. Kijida akampelekea sahani yake nyuma ya kichuguu, firigisi zote mbili juu, na tukasikia anavyokula, kwa pupa, akijitahidi tusimsikie.

Aliporudi alinichagulia paja, lile kubwa, zima. Aliniwekea mbele yangu kwa mikono miwili na macho yake yaliwaka kama siku alipopika ugali wake wa kwanza. Nikalishika. Nikalinusa. Nikalilamba pembeni, nikalirudisha, nikatazama nyasi.

"Mama, mbona huli?"

"Nakula."

"Huli." Kunyanzi lile likaja. "Kwani nimepika mimi? Umepika mwenyewe. Nini?"

"Meno, mwanangu," nilisema. "Sina tena ya kutafunia."

Akanitazama mdomoni, kwa mara ya kwanza siku ile. "Tangu lini?"

Yule mwingine hakuwahi kuniuliza hivyo. Alikuwepo siku lilipong'oka.

Nikamwambia Kijida atoe kisu, asogee karibu anikatie, nimsimulie tangu mwanzo.